Atakayeulizwa Ndiye Mwenye Kauli

Kisumu ni mji unaoandika kuliko wengi wanavyodhani. Ukitoka mjini kwa barabara ya Busia unafika Kisian, zilipo maabara na ofisi za Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI. Ukizidi kwenda unafika Maseno na chuo kikuu chake. Mjini kwenyewe kuna makao makuu ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, kituo cha KMFRI kinachochunguza uvuvi, ofisi za kaunti zenye mipango ya miaka mitano mitano, na mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyosambaa Milimani. Makala za majarida, ripoti za wafadhili, mapendekezo ya miradi, mipango ya maendeleo: karibu kila kinachotoka humo kimeandikwa na timu, si na mtu mmoja. Na timu hugombana. Mtu anafungua rasimu asubuhi na kukuta aya yake imefutwa, au jina lake limeshuka kutoka la pili hadi la tano, au hitimisho alilolipinga kikaoni limerudi kimyakimya usiku. Kinachofuata kinajulikana: barua pepe za ukali zenye nakala kwa bosi, na baada ya wiki moja kikao cha kupatanisha ambamo watu huhimizwa waheshimiane. Heshima ni jambo jema, lakini siyo dawa ya ugonjwa huu. Watu wawili wenye adabu kamili watagombana vilevile ikiwa kila mmoja anaamini, kwa sababu nzuri, kwamba kauli ya mwisho ni yake. Hoja yangu ni kwamba kauli hiyo igawanywe kabla sentensi ya kwanza haijaandikwa, na igawanywe kwa kuuliza swali moja kuhusu kila sehemu ya andiko: jambo hili likipingwa hadharani, ni nani atakayeulizwa? Huyo ndiye aamue, awe na cheo au asiwe nacho.

Tuchukue aya moja na kuitazama kwa karibu. Mwaka 2008 Noboru Minakawa na wenzake walichapisha katika Malaria Journal uchunguzi kutoka vijiji vya wavuvi kandokando ya ziwa upande wa Kenya, wakaonyesha kwamba vyandarua vya kuzuia mbu vilikuwa vikitumiwa kuanikia samaki na kuvulia. Sababu walizopewa zilikuwa za kawaida kabisa: vyandarua vilipatikana bure au kwa bei ndogo, na samaki walikauka haraka zaidi juu yake. Sasa tubuni timu ya watu wanne inayoandika ripoti juu ya jambo hilohilo leo, katika ufuo wowote kati ya Dunga na Mbita. Mhojaji, ambaye ndiye aliyekaa na akina mama wanaoanika omena, anaandika kwamba vyandarua vinavyotandazwa mchangani ni vikuukuu vilivyokwisha kutoboka. Mtakwimu anasema dodoso halikuuliza umri wa chandarua, kwa hiyo sentensi hiyo haina mguu wa kusimamia. Mtafiti mkuu anataka iandikwe kwamba jamii inatumia vyandarua vibaya, kwa kuwa mfadhili ameuliza hasa juu ya upotevu. Mhariri, ambaye hajawahi kufika ufuoni, anaiona aya ndefu mno na kuifupisha mpaka neno “vikuukuu” linatoweka. Hakuna hata mmoja wao aliyefanya hila. Kila mmoja amefanya kazi yake, na aya imetoka ikiwa na maana ambayo yule aliyeiona hali yenyewe hawezi kuitetea mbele ya wale aliowahoji.

Ofisi nyingi zikifika hapo hutumia mojawapo ya njia tatu, na zote tatu hulegea. Ya kwanza ni cheo: mkubwa ameamua, basi. Njia hii ni ya haraka, na kwa mambo ya ratiba na bajeti inafaa, lakini cheo hakimpi mtu maarifa ya kilichoonekana Usenge siku ambayo yeye alikuwa Nairobi. Ya pili ni mwenye fedha: aliyeleta ruzuku ndiye mwenye andiko. Ya tatu ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa sababu haitamkwi, nayo ni lugha. Ripoti zetu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na aliye hodari wa Kiingereza hupewa kazi ya “kusafisha” rasimu. Katika kusafisha, anachagua kitenzi chenye nguvu zaidi, anaondoa “huenda”, anaunganisha sentensi mbili zilizokuwa mbali kwa makusudi na kuzitia “kwa hiyo” katikati. Mwisho wa safari yeye ndiye aliyeamua utafiti umegundua nini, na hakuna aliyempa mamlaka hayo. Mhojaji anayezungumza Dholuo siku nzima na kuandika Kiingereza cha shule ya upili hawezi kushindana naye kwenye ukurasa, hata pale anapojua wazi kwamba “kwa hiyo” ile ni uongo.

Suala la nani ashike kalamu lina historia ndefu katika ukanda huu wa ziwa, tangu enzi ambapo aina ya maandishi iliyokuwa na uzito kuliko zote ilikuwa barua ya malalamiko kwa serikali. Mnamo Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, na kutokana na mkutano huo kikazaliwa Chama cha Vijana wa Kavirondo, ambacho wananchi walikiita Piny Owacho. Viongozi wake, Jonathan Okwiri na wenzake, walikuwa wasomi wa misheni, wengi wao waliopitia Maseno. Walijua kuandika, na waliandika. Walipinga nchi kugeuzwa koloni mwaka 1920, walipinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa, na walitaka ardhi ya watu itambuliwe kwa hati. Mwaka 1922 Gavana Edward Northey alikutana nao Nyahera, nje kidogo ya Kisumu. Madai yaliyosomwa pale yalikuwa na waandishi wanaojulikana, na waandishi hao walikuwa na watu wa kuwarudia: umati uleule wa Lundha, uliotaka kujua gavana amejibu nini.

Mwaka 1923 kalamu ikahamia mkono mwingine. Chama kikageuzwa kuwa Chama cha Ustawi cha Walipakodi wa Kavirondo, na urais ukashikwa na Walter Edwin Owen, shemasi mkuu wa Kanisa la Kianglikana. Owen hakuwa kibaraka wa serikali, na ni kosa kumchora hivyo. Alijua ni mlango upi wa kubisha na kwa maneno yapi. Aliandika katika magazeti ya Uingereza dhidi ya kazi za kulazimishwa, na walowezi walimchukia kiasi cha kumbandika jina la shetani mkuu wa Kavirondo. Kwa kipimo cha ufundi wa kuandika, timu ilikuwa imepata mwandishi bora kuliko wote. Lakini tazama kilichotokea kwenye maandishi yenyewe. Mambo ya koloni na ya utawala yakarudi nyuma. Mbele yakaja mambo ya ustawi, na wanachama wakawa wanaapa kuchimba vyoo na kuua panya. Wapo watakaosema hiyo ilikuwa busara ya nyakati, kwamba bila Owen chama kingepigwa marufuku na viongozi wake kufungwa. Mnamo Machi 1922 mwanaharakati Harry Thuku alikuwa amekamatwa Nairobi na watu waliokusanyika kumtetea wakapigwa risasi, kwa hiyo hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Hata hivyo, tunaweza kukubali kwamba Owen aliwakinga na bado tukaona alama ya mabadiliko: aliyeshika kalamu alikuwa anaulizwa na askofu wake, na gavana, na wasomaji wa Uingereza, ilhali aliyekuwa anaulizwa Gem na Seme alikuwa mtu mwingine. Maandishi yakaelekea kwa wale walioweza kumuuliza mwandishi. Ndivyo maandishi yanavyokwenda siku zote, na sidhani nia njema ya mtu mmoja inaweza kuyageuza.

Ulimwengu wa utafiti umelifikia kwa njia yake wazo hili la kuunganisha uandishi na kuwajibika. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, iliyoanza kwa mkutano wa Vancouver mwaka 1978, imeweka masharti ambayo majarida mengi hufuata katika kuamua nani aitwe mwandishi. Kwa muda mrefu masharti yalikuwa matatu: uwe umechangia kwa uzito katika kubuni utafiti, au kukusanya data, au kuichambua, uwe umeandika au kuhakiki rasimu kwa kina, na uwe umeidhinisha toleo la mwisho. Mwaka 2013 likaongezwa la nne, kwamba uwe umekubali kuwajibika kwa kazi nzima, ikiwa ni pamoja na kuhakikisha maswali juu ya usahihi wake yanachunguzwa na kujibiwa. Kuleta fedha peke yake hakutoshi, wala kusimamia idara. Masharti hayo yana kipengele ambacho hapa kwetu hakitajwi mara nyingi: mtu aliyetimiza sharti la kwanza asinyimwe nafasi ya kutimiza yanayofuata. Maana yake ni kwamba huwezi kumtuma mtu akusanye data Rusinga miezi minane, ukamficha rasimu, kisha ukasema hastahili kuwa mwandishi kwa kuwa hakuihakiki.

Kisumu inajua vizuri umbali unaoweza kuwapo kati ya anayeandika na anayeulizwa. Mwezi Februari 2007 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la tohara ya wanaume lililofanyika mjini hapa, lenye washiriki 2,784 wa miaka 18 hadi 24, lililosimamishwa kabla ya wakati mnamo Desemba 2006 kwa kuwa manufaa yalikuwa yamekwisha kuonekana: tohara ilipunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU. Waandishi ni tisa. Wa kwanza ni Robert Bailey wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago. Wa mwisho, mahali ambapo kwa desturi hukaa mkubwa wa kazi, ni Jeckoniah Ndinya-Achola wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Katikati yuko Kawango Agot, mtafiti ambaye kazi yake imekuwa hapahapa Kisumu. Silitaji kwa sababu ya ugomvi wowote. Nalitaja kwa sababu ya kilichofuata. Makala iliulizwa maswali ya kitakwimu na wahakiki wa jarida, na hayo yalikwisha. Maswali ya pili yalikuja baada ya hapo, pale serikali ilipotaka kuifanya tohara kuwa mpango wa taifa katika jamii isiyokuwa na desturi hiyo. Wazee wa Kijaluo walikuwa na mashaka, wanasiasa wakaingia, vikao vikafanyika, na aliyekaa kwenye kiti cha moto hakuwa mtakwimu wa ng'ambo. Andiko moja lina mabaraza mawili ya kulihoji, na kila baraza lina mtu wake wa kujibu. Mgawanyo wa kauli unaosahau baraza la pili ni mgawanyo nusu.

Kuna njia nyingine, ya kuandika kwa jina la kundi. Jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililokuwa na vituo 11 katika nchi saba, vikiwamo Siaya na Kombewa, lilichapishwa kwa jina la ushirika wa watafiti wote, na majina ya watu yakawekwa ndani. Kwa kazi ya watoto na wachanga 15,459 sioni namna nyingine ya haki. Inaua ugomvi wa nani awe wa kwanza. Lakini haiui ugomvi wa nani aamue, kwa sababu jina la kundi halishiki kalamu. Bado wapo watu wachache chumbani wanaochagua sentensi. Timu ndogo ya Kisumu inayoiga mtindo huo ili kukwepa mazungumzo magumu itayakuta yanaisubiri kwenye rasimu ya pili.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya hoja yangu ni hili: katika ofisi zetu anayeulizwa ni bosi, kila mara. Mkurugenzi ndiye anayetia sahihi, ndiye anayeitwa na mfadhili, ndiye kazi yake inapotea ripoti ikiharibika. Kwa hiyo kusema “atakayeulizwa aamue” ni kusema “bosi aamue” kwa maneno mazuri. Nalikubali nusu yake. Kwa mambo ambayo kweli yataulizwa juu, kama matumizi ya fedha, ahadi za mradi na mapendekezo yanayoifunga taasisi, mkurugenzi awe na kauli, na wengine waache kunung'unika. Lakini maswali hayaulizwi mahali pamoja. Hesabu ikiwa na kasoro, mwandishi wa barua kwa jarida atamwandama mtakwimu, na jina lake halitasafika kwa kusema bosi aliniamuru. Wavuvi wakisoma katika gazeti kwamba wanaharibu vyandarua vya serikali, watakayemsimamisha ufuoni ni mhojaji, ambaye kesho anahitaji wamfungulie mlango tena. Mkurugenzi hawamjui kwa sura. Kuwajibika kwa wasio na barua pepe ni kuwajibika vilevile. Ukikubali hilo, ile aya ya vyandarua inajigawa: maelezo ya kilichoonekana ni ya mhojaji; kama yanabebwa na data au yaitwe tu maoni ya wahojiwa, aseme mtakwimu; pendekezo kwa mfadhili ni la mtafiti mkuu. Mhojaji anaweza kushindwa juu ya pendekezo. Hawezi kushindwa juu ya “vikuukuu” bila kuambiwa na bila nafasi ya kukataa.

Wengine watauliza adabu iko wapi. Kijana wa miaka 26 amwambie daktari aliyemlea kitaaluma kwamba aya ya tatu si yake? Na kuandikiana karatasi ya mamlaka kabla ya kazi si dalili ya kutoaminiana? Nadhani ni kinyume. Bila karatasi, kijana ana njia mbili tu: kunyamaza, au kusimama kikaoni na kumpinga mkubwa wake mbele ya watu. Zote mbili zinaumiza, na ya pili ndiyo inayovunja heshima. Palipo na makubaliano ya awali anaweza kusema kwa upole, “Daktari, sehemu hii tuliafikiana ibaki kwangu,” na mzee naye ana pa kurudi bila aibu kwa kuwa anatii alichokubali mwenyewe. Utaratibu humlinda mkubwa dhidi ya kuonekana dhalimu kama unavyomlinda mdogo dhidi ya kumezwa. Karatasi yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Upande mmoja wa A4 unatosha kwa makala, na ibadilishwe kazi inapobadilika, kwani ni kweli kwamba anayeanza kama mwandishi wa kwanza anaweza kupata kazi Arusha kabla ya rasimu kukamilika. Kinachotakiwa ni kwamba badiliko hilo litamkwe na kuandikwa tarehe.

Pingamizi la mhariri nalipa uzito zaidi kuliko wahariri wenyewe wanavyodhani nalipa. Anasema andiko lililogawanywa vipande halina sauti, linasomeka kama muhtasari wa mkutano. Ni kweli, na nimesoma ripoti za namna hiyo zaidi ya ninavyotaka kukumbuka. Mhariri apewe basi mamlaka kamili juu ya sauti: mpangilio, urefu, mtiririko, maneno. Juu yake liwekwe sharti moja tu, kwamba kila anapogusa dai, yaani akiongeza uhakika, akipunguza shaka au akiunganisha sababu na tokeo, alirudishe kwa mwenye dai kabla ya kwenda mbele. Na mkono wa mwisho kabisa, ule unaopeleka faili kwa mchapishaji, uwe wa mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Wakenya wanakumbuka gharama ya kutokujua mkono huo. Mwezi Mei 2010, miezi michache kabla ya kura ya maoni, nakala za katiba iliyopendekezwa zilitoka kwa Mchapishaji wa Serikali zikiwa na nyongeza juu ya usalama wa taifa katika kifungu cha mipaka ya haki, maneno ambayo hayakuwamo katika andiko lililopitishwa. Nyongeza hiyo fupi ingetosha kuzipa serikali za baadaye kisingizio cha kubana karibu haki yoyote. Ikaitishwa uchunguzi. Kamati ya Wataalamu ilikuwa na wanasheria waliobobea, Bunge lilikuwa limeipitisha rasimu, na bado baina ya meza yao na mtambo wa kuchapia palikuwa na nafasi ya mkono usio na jina.

Linabaki suala la nani ahukumu pale ambapo karatasi ilikuwapo na watu wakaivunja. Majarida hayatahukumu: ile kamati ya wahariri inasema waziwazi kwamba waandishi wakishindwa kuafikiana, ni taasisi zao zinazopaswa kuchunguza, si mhariri wa jarida. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasaidia kidogo tu: andiko la mwajiriwa lililotokana na kazi yake kwa kawaida huwa mali ya mwajiri isipokuwa wakiafikiana vingine, ingawa mwandishi hubaki na haki ya kutambuliwa na ya kupinga kazi yake kupotoshwa. Hiyo ni haki ya kwenda mahakamani, na mhojaji wa mkataba wa miezi sita hataenda mahakamani. Mahali panapofaa zaidi ni mapema na ni karibu: kamati za maadili za utafiti, ambazo tayari hupitia kila pendekezo linalohusu binadamu kabla halijaanza. Kamati hizo huuliza jinsi damu itakavyohifadhiwa, jinsi majina ya wahojiwa yatakavyofichwa, jinsi matokeo yatakavyorudishwa kwa jamii. Kuongeza ukurasa mmoja wa nani ana kauli juu ya nini katika maandishi, na nani atakayesimama ufuoni kuyaeleza, hakuhitaji sheria mpya wala bajeti. Taasisi nyingi za Kisumu zingeweza kuuanza kwenye pendekezo lijalo. Zitakazokataa, nadhani, zitakuwa zile ambazo wakubwa wake wanajua tayari kwamba hawataulizwa kitu.